Mama yangu alirudisha fishi tupu: hivi "huduma" ni nini kabisa?

mwana_wa_Kadutu

Bwana asifiwe bote. Uzi iko murefu kidogo, mwenye hana muda apite tu, sitakasirika.

Jumapili ilioisha ku kanisa yetu (sitataja jina, iko hapa Kadutu, ku Bukavu, na makanisa ya hapa ukianza kuhesabu utachoka mbele ya kufika ku soko) baligawa fishi. Kila muamini aandike jina, selile yake, avenii yake, kisha chini kabisa kuna swali: "Huduma yako ni ipi?" na tusanduku twa kutia alama. Mahubiri, maombezi, kwaya, protokole ya kupokea batu, shule ya Jumapili, na ya mwisho mediya na sono. Basi, sita. Mama yangu alikamata biki akajaza jina, akajaza selile, kufika pale chini akasimama. Akaangalia weee. Akaniinamia akaniuliza pole pole, "Papa, mi niandike nini hapa?" Nikamwambia andika tu mama. Akasema, "Mi sina huduma. Mi niko muamini tu." Akarudisha fishi vile vile tupu.

Sasa niwaambie huyu mama mwenye hana huduma ni nani. Anauzisha tomati na lengalenga ku soko ya Kadutu tangu mi sijazaliwa. Lakini mutu akikufa ku avenii yetu, na avenii mbili za juu, na ile ya chini kule kwenye mvua inabomoaga manyumba, wa kwanza kuitwa ni yeye. Anaosha miili ya wamama, juu si kila mutu anaweza, kuna wenye wanasemaga "nitaweza" kisha bakifika pale bakimbia. Saa kumi ya usiku ameisha washa makala. Anajua bila kuandika maharagi vikombe ngapi kwa batu mia moja na maji bidoni ngapi, na siku ya tatu, wakati batu wote wamerudi kwao na viti vya kukodi vimeenda, yeye ndiye analala pembeni ya mjane kwa mukeka. Hata kwa batu wasio wa kanisa yetu. Hata jirani yetu muislamu alipofiwa, kuosha ni bao wenyewe walifanya, lakini maji ilibebwa na nani?

Na kijana wa sono alitia alama yake, akapewa na bajji ya kuvaa shingoni. Mi sina ubaya naye, bila yeye mikro inaliaga sawa nguruwe. Lakini nilirudi nyumbani roho inaniuma. Nani alitufundisha kama huduma ni kitu inafanyikaga Jumapili tu, mbele ya batu, na mikro?

---

Motari243

Mukubwa umegusa fasi inauma. Juzi nilibeba papa mumoja kutoka Feu Rouge mpaka Panzi, njia yote ananihubiria, ananiambia yeye ni mutume, ako na ministeri yake, Mungu amemuinua. Sawa. Kufika, bei tulisikilizana, ananikata franga mia tano, ananiambia iyo ni mbegu nimepanda 😂😂

Huduma yangu siku hiyo ilikuwa kunyamaza.

---

bondo_la_maombi

@mwana_wa_Kadutu nakupa pole kwa mama, lakini tusichanganye mambo. Kupika ni kazi njema, hakuna mwenye amekataa. Ila Biblia iko wazi. Luka 10. Martha alikuwa anahangaika na kazi za jikoni, Mariamu ameketi miguuni pa Bwana, na Yesu alimwambia nani amechagua fungu lililo jema? Sio mwenye sufuria. Huduma ya kiroho iko juu, na ya mwili iko chini, ndivyo ilivyo. Tukianza kusema kila kitu ni huduma, kesho mutu ataacha maombi ya usiku akasema anaosha vyombo.

---

mama_Nyawera

We mwana wa maombi, nikuulize kitu kimoja tu. Ile siku Mariamu aliketi, kisha wakamaliza mafundisho, nani alipika ile chakula walikula? Ao walifunga?

---

mama_Nyawera

Tena soma Yohana 12. Ni Martha yule yule, kule Betania, Lazaro ameisha fufuka, wamemfanyia Yesu karamu. Na pale wameandika Martha anafanya nini? ANATUMIKIA. Baada ya kukaripiwa. Kama Yesu alikuwa amekataza sufuria, alimuacha aendelee juu ya nini? Alimukataza kusumbuka na kumusemea dada yake mbele ya wageni, na hapo mi mwenyewe niko na kosa ile ile, tuachane nayo.

---

Lushois_kabisa

Niko Lubumbashi nawasoma, acha niingie kidogo na mambo ya lugha, juu ni lugha njo inatudanganya.

Hapa kwetu, na najua kwenu pia, mutu akikuuliza "unatumika wapi?" anataka kujua kazi yako. Baba yangu alitumikaka Gécamines, kampuni ya migodi, miaka yote, alivaa botte, viatu vya kazi, alirudi na vumbi. Kutumika ni kufanya kazi, kutoka jasho, hakuna kingine. Sasa nilipokuwa mutoto, ku shule ya Jumapili balitusomea Marko 10:45, "Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Mi nilisikia na masikio ya Katanga: Yesu hakukuya ili batu bamufanyie kazi, alikuya kufanya kazi. Nikamuona na botte. Nilikuwa mukubwa njo nilijua kama wenye Kiswahili ya Tanzania banasikia hapo kitu ingine kidogo, lakini kusema ukweli sizani nilikosea mbali.

Tena angalia vile tumegeuza. "Mtumishi" leo ni mwenye hatumikake! Anabebewa Biblia, anabebewa mufuko, anafunguliwa mulango ya gari, akiketi anapewa maji na mutu amepiga goti. Yeye njo anatumikiwa, na jina yake ni mtumishi.

Na hii Kifaransa yetu, ministre, ministeri. Inatoka ku Kilatini, minister, ni mutumishi wa kawaida, boyi wa nyumba, na ndani ya ile neno kuna minus, maana yake mudogo. Mwenzake ni magister, mwenye kutoka ku magis, mukubwa zaidi, njo tukapata "maître" ya ku shule. Kwa hiyo, kwa asili ya neno, ministre wa Kinshasa na magari yake yote yenye vioo vyeusi iko "mudogo". Mumupelekee habari.

---

Motari243

@Lushois_kabisa 😂😂😂 nenda wewe umupelekee, mi niko na batoto

---

Pasta_wa_Bagira

Shalom wapendwa. Mimi ni mchungaji wa kanisa ndogo hapa Bagira, nimesoma yote kwa utulivu, na naomba mnivumilie kwa sababu mimi niko upande ule mnaoupiga.

Kwanza tusiwe watu wa kuchukia utaratibu. Kile fishi si dhambi. Kanisa lenye watu mia tatu bila kujua nani anafanya nini linakuwa soko. Pili, Maandiko yenyewe yanatenga watu kwa kazi ya Neno. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba wale waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na kwa Timotheo anasema mtenda kazi astahili ujira wake. Tatu, Yakobo anaonya, "msiwe waalimu wengi", kwa sababu hukumu yao ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kusema "sisi wote ni watumishi, hakuna mchungaji" ni uongo mwingine, unafanana na ule wa kwanza ila umevaa koti tofauti. Nimezika watoto wawili mwezi huu. Kusimama pale na kutafuta neno la kusema mbele ya mama mwenye mtoto ndani ya sanduku, ile pia ni kutumika na botte, ndugu yangu wa Lubumbashi, hata kama nimevaa kravati.

Lakini hoja ya mama wa Kadutu imenishika. Nilifungua Matendo 6 usiku, nikaisoma kama mtu asiyejua. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema walisahauliwa "katika huduma ya kila siku". Huduma! Chakula cha wajane kinaitwa huduma, mstari wa kwanza kabisa. Mstari wa pili mitume wanasema haipendezi waache neno la Mungu na "kuhudumu mezani". Mstari wa nne wanasema wao watadumu katika kuomba na "kulihudumia lile Neno". Neno ni lile lile, la meza na la mahubiri, na ukienda kwenye Kigiriki ni hivyo hivyo, diakonia ya meza na diakonia ya Neno. Mitume waligawa kazi, ndiyo, lakini hawakuipa moja jina na nyingine wakaiacha bila jina.

Na ona masharti waliyoweka kwa watu wa kugawa chakula: wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima. Kwa ajili ya sahani! Sisi protokole tunachagua mwenye suti.

---

mwana_wa_Kadutu

Papa pasta asante, hii sikuitazamia kutoka kwa pasta. Na ile ya Matendo 6 inanifikisha ku kitu kingine. Wale saba walichaguliwa kwa meza, sivyo? Sasa Stefano aliishia wapi? Sura inayofuata anahubiri mbele ya baraza mpaka wanamupiga mawe. Filipo naye, wa meza, sura ya nane yuko Samaria anahubiri, kisha anabatiza yule Mukushi aliyemukuta ndani ya gari lake. Ni kusema ile sanduku walitiwa haikuwafungia ndani. Leo mutu wa protokole akianza kuhubiri wataita komite.

---

Binti_wa_Tanga

Habarini, mimi niko Tanga napita tu, mada imenivutia sana. Samahani "fishi" ni nini? Nimesoma nusu ya uzi nikidhani mama karudisha samaki 🙈

---

mama_Nyawera

@Binti_wa_Tanga 😂 karibu mama. Ni karatasi ya kujaza, ninyi mnasema fomu. Samaki hapa hatungeirudisha tupu.

---

Katekista_wa_mulimani

Tumsifu Yesu Kristo. Mi niko mukatoliki, katekista upande wa Walungu, simu yangu inashika rezo nikipanda juu ya kilima kwa hiyo nitaandika yote mara moja.

Kwetu shida iko ingine kidogo lakini ni ndugu ya yenu. Padri anafika kijijini labda mara moja kwa mwezi, mvua ikinyesha sana hata miezi miwili. Sasa hiyo miezi kanisa inakuwa nani? Ni katekista, ni wamama wa shirika, ni wazee. Tunasali ibada ya Neno, tunafundisha batoto komunyo, tunazika. Miaka na miaka batu balituita "wasaidizi wa padri". Kardinali Malula kule Kinshasa aliona hii mambo mbele ya wengi, miaka ya 1970 akaweka walei, batu wenye bibi na batoto na kazi zao, waongoze maparokia, akabaita bakambi. Batu walishangaa, parokia bila padri anakaa ndani? Na zilienda. Na mwaka 2021 Papa Fransisko alitia katekista kuwa huduma kamili ya kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa. Siku nilisikia hiyo habari ku redio nilikuwa nachimba mihogo. Nikaendelea kuchimba. Lakini niliimba.

Sasa, na hii njo nilipandia kilima. Mnazungumza kama huduma iko au jukwaani au jikoni. Na ku biro je? Ku mupaka? Muko na mutu wa hapa hapa Kivu, Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Hakuwa padri, hakuwa pasta, hakuwa na mikro. Alitumika ku ofisi ya serikali yenye kuangalia bintu vinavyoingia mupakani, na saa ya kupumzika alikuwa na ba mayibobo, batoto wa barabarani, akiwafundisha kusoma pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Balimuletea feza ili aache muchele mubovu upite ukauzishwe kwa batu. Akakataa. Julai 2007 bakamukamata, bakamutesa, bakamuua, alikuwa na miaka 26. Na tarehe 15 Juni 2025 kule Roma walimtangaza mwenye heri.

Muchele mubovu, ndugu zangu. Ule ungekuwa ndani ya sufuria ya nani? Mi naona yeye na ule mama wa Kadutu walikuwa ku kazi moja, mumoja anapikia batu wa kilio na mwingine anakataza sumu isifike ku sahani. Lakini ukimupa Floribert ile fishi ya sanduku sita, na yeye angeirudisha tupu.

---

Motari243

Hapo umeniweza katekista. Nimesoma mara mbili, kliya amesimama ananingoja.

---

muganga_wa_usiku

Mimi ni muuguzi, zamu ya usiku, ninaandika katikati ya raundi kwa hiyo mnisamehe nikikata.

Hapa Bukavu hakuna asiyejua hadithi ya Dokta Mukwege na baba yake. Baba alikuwa mchungaji wa wapentekoste. Siku moja mtoto Denis anamfuata baba kwenda kuombea mtoto mgonjwa, baba anaomba, wanatoka. Denis anamuuliza, mbona mimi nikigonjwa unaomba na dawa unanipa, lakini huyu umemuombea tu? Baba anamjibu kwamba yeye si muganga, kazi yake ni kuomba. Na mtoto akaamua pale pale kwamba atakuwa mtu wa dawa, baba aombe, yeye atibu. Mengine mnayajua, hospitali ya Lemera, kisha hospitali ya Panzi 1999, kisha Nobel ya amani 2018.

Mimi nikisikia hii hadithi huwa siangalii Nobel. Ninaangalia yule baba. Hakusema "maombi yanatosha, wewe huna imani". Alijua mpaka wa kazi yake na akamwachia mtoto nafasi upande ule mwingine. Wachungaji wangapi wanaweza kusema "hii si yangu, ni ya mwingine"? Ninaona huduma ya baba ilikuwa pia katika ile sentensi.

Sasa niseme na upande mwingine, nitakasirisha watu. Mimi hili neno "huduma" limeshanila. Nilifanya kazi kituo kimoja cha afya cha kanisa, mbali na muji, miezi saba bila mushahara, na kila tulipouliza tulijibiwa "dada, hii ni huduma, malipo yako ni mbinguni". Na yule aliyenijibu mwezi haukumpita bila kulipwa. Kwa hiyo mkianza kusema "kila kazi ni huduma" muwe na akili. Kuna watu wanalisubiri hilo neno ili wakutumikishe bure. Mama wa Kadutu anapika kilio kwa moyo wake, vizuri, lakini nani ananunua makala? Yeye? Kutoka ku faida ya tomati?

---

mwana_wa_Kadutu

@muganga_wa_usiku ... yeye. Makala ni yeye. Sijawahi kufikiria hiyo mpaka umeniuliza, na nimekula ile tomati miaka yangu yote.

---

bondo_la_maombi

Nimesoma tena. Sawa, ile ya Martha wa Yohana 12 sikuwa nayo, nakubali. Lakini swali yangu bado imesimama. Kama kupika kilio ni huduma, na kukataa ruswa ni huduma, na kuchoma sindano ni huduma, basi mpagani mwema mwenye kufanya hivyo vyote naye ni mtumishi wa Mungu? Tofauti iko wapi? Nauliza kweli, si kwa kupinga.

---

Lushois_kabisa

@bondo_la_maombi swali ya muzuri, na Paulo alikutangulia. Warumi 13, yule mutawala wa Roma, mpagani kabisa, Paulo anamuita mtumishi wa Mungu. Neno ni lile lile diakonos. Kwa hiyo Mungu anaweza kutumia mutu bila mutu kujua. Mathayo 25 pia, wale wa mukono wa kuume walishangaa, "lini tulikuona una njaa?" Hawakujua kama walikuwa ku huduma! Na wale wa kushoto nao wanauliza ni lini walimuona mwenye njaa ao mugonjwa ao kifungoni "tusikuhudumie". Wanajua neno. Kitendo njo walikosa.

Mi nafikiri tofauti haiko ku kazi, iko ku nani unajua umetumwa naye. Lakini hapo nasimama, mi si mwalimu, na Yakobo ameisha tisha batu hapo juu.

---

Pasta_wa_Bagira

Nimerudi, nina kitu cha kuungama na nikikaa nacho mpaka Jumapili nitakiogopa.

Waefeso 4. Kila mchungaji anaijua, ndiyo tunayosoma siku ya kuwekwa wakfu. Alitoa mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu, "kwa kusudi la kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke, hata mwili wa Kristo ujengwe". Miaka kumi na moja nahubiri hapa. Kila mara nilisoma "hata kazi ya huduma itendeke" nikaelewa itendeke na mimi. Mimi nimetolewa, mimi nawakamilisha, mimi natenda huduma, wao wanasema amina na kutoa sadaka. Na hili "itendeke" la Kiswahili lilinisaidia kujificha, maana halisemi nani anatenda. Ni kama mtoto akivunja sahani anasema "imevunjika".

Wapo wasomaji wanaoyaweka yote matatu mabegani mwa mchungaji, najua, tuliyajadili shuleni. Lakini soma mpaka mstari wa 16, ambapo mwili unakua kwa kazi ya kila sehemu moja moja, na ule ubishi unakosa nguvu. Watakatifu wanakamilishwa ILI wao watende huduma. Mimi kazi yangu ni kuwaandaa, kama fundi anayenoa majembe ya wengine. Martin Luther, mrekebishaji wa kanisa, mwaka 1520 aliwaambia wakubwa wa Ujerumani kwamba fundi viatu, muhunzi na mkulima kila mmoja ana kazi yake na wote ni makuhani waliowekwa wakfu. Nilijibu hilo kwenye mtihani nikapata pointi nzuri. Kisha nikaja Bagira nikalisahau.

Hata Fibi, Warumi 16, Paulo anamwita kwa neno lile lile ambalo kwa Wafilipi na kwa Timotheo tumelitafsiri "mashemasi". Wao wanaume ni mashemasi, yeye ni "mhudumu". Neno moja! Nilipoiona nilimwita mke wangu jikoni aje aone. Akaangalia, akasema "kumbe", akarudi jikoni. Sijui alikuwa anasema kumbe kwa Fibi au kwa mimi.

---

mama_Nyawera

Ilikuwa kwako papa pasta.

---

Katekista_wa_mulimani

😂😂 mama Nyawera Mungu akulinde. Rezo inakatika, nashuka.

---

muganga_wa_usiku

Pasta, sasa Jumapili usihubiri tu. Weka ku bajeti ya kanisa mustari wa makala ya kilio. Elfu chache tu. Nitaamini pale.

---

Pasta_wa_Bagira

@muganga_wa_usiku Nimeiandika. Komite inakaa Ijumaa. Mhazini atauliza iko chini ya idara gani, na kweli hatuna idara hiyo, nitasema tutaifungua. Siwezi kuahidi kwa niaba yao, lakini nitaomba kwa sauti ya kusikika.

---

mwana_wa_Kadutu

Ndugu zangu, habari za mama.

Jana magaribi nilimsomea 1 Wakorintho 12, ule mustari wa 28. Mitume, manabii, waalimu, miujiza, karama za kuponya wagonjwa, "na masaidiano", na maongozi, na aina za lugha. Nikamwambia mama uko ku orodha, tena mbele ya wale wa kunena kwa lugha, umeona? Unaitwa masaidiano. Alikuwa anachambua lengalenga. Akauliza, "Masaidiano? Iyo si jina ya likelemba ya mama nani kule chini?" (Likelemba ni kikundi cha kuchangiana feza.) Nikacheka, nikamuelezea yote, Stefano, Fibi, Floribert, muchele mubovu. Hapo kwa muchele aliacha kuchambua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ule mutoto alikuwa na mama." Hiyo tu. Akaendelea.

Nikamuuliza basi nirudi ku kanisa nikajaze fishi yako, niandike masaidiano, nichore sanduku ya saba na biki? Akasema kama inakufurahisha andika, lakini usiweke namba yangu ya simu, watakuwa wananiita ku mikutano ya huduma, na ile mikutano inafanyikaga saa ya soko.

Nilimuuliza pia juu ya makala. Alinikasirikia. Kweli kweli. Akasema mambo ya makala ni kati yake na mwenye kufiwa, na nani amenituma kuhesabu. Nikaomba musamaha. Lakini leo asubui nilinunua mufuko mumoja nikauweka nyuma ya nyumba bila kusema, na ameuona, na hajasema kitu, kwa hiyo tuko vile.

Sasa niko na shida ya haraka. Mzee wa avenii ya juu ametuacha usiku huu. Sufuria kubwa ya kanisa ilipasuka chini tangu kilio ya mwezi wa pili na hakuna mwenye alisema, tumewasha moto tunaona mchuzi unazima makala. Kuna mwenye ako karibu na Kadutu ako na ya kupikia batu mia na hamsini? Tunairudisha Alhamisi, imesuguliwa.

---

mama_Nyawera

Iko moja hapa kwangu, ya likelemba yetu. Nani ataifuata? Nzito hiyo.

---

Motari243

Niko Essence, nafika hapo dakika kumi. Iko na mufuniko?

---

mama_Nyawera

Mufuniko ulienda na matanga ingine, haujarudi. Kuya na kamba.